Wino wa muhuri unachuja ukipitisha brashi: jibu kutoka Bagamoyo

Mdogo wangu wa Tanga, umeuliza kwa nini kadi zako za Idi zinageuka tope kila ukipitisha brashi ya maji juu ya picha ya muhuri. Penseli zako za rangi ya maji (zile ambazo rangi yake huyeyuka ikiguswa na maji) hazina kosa, na mkono wako pia. Kosa ni la wino. Wino wa pedi za ofisini, ule wa kugongea risiti, mwingi ni wa maji, kwa hiyo ukiguswa na maji unachuja kama kanga mpya.

Najua uchungu wake. Niliwahi kuchukua oda ya kadi 30 za harusi, nikagonga zote jioni moja, asubuhi nikaanza kupaka. Kadi ya kwanza weusi ukaingia kwenye njano. Nikadhani wino haujakauka, nikazianika kutwa nzima. Wapi! Zote zilikwenda na maji, nikakesha nikianza upya.

Tafuta wino usioyeyuka ukishakauka, lakini usiamini maandishi ya kwenye kopo. Gonga kwenye kipande cha karatasi ileile utakayotumia, kiache mpaka kesho yake (sisi wa pwani hewa yetu ina unyevu, hasa masika), kisha pitisha brashi yenye maji. Usipochuja, endelea.

Kama huna ila wino wa ofisini, geuza utaratibu: paka rangi kwanza, iache ikauke kabisa, ndipo ugonge muhuri juu yake. Siku hizi napenda njia hii hata nikiwa na wino mzuri, maana mistari inabaki mikali.

Kwenye kupaka, wengi wanajaza rangi picha nzima halafu wanamwaga maji. Usifanye hivyo. Rangi ya penseli hizi ikilowa inakolea kuliko inavyoonekana ikiwa kavu. Mimi naweka rangi upande wa kivuli tu, labda theluthi moja ya sehemu ile. Nachovya brashi, naigusisha kwenye tishu, kisha naivuta rangi kutoka kwenye giza kwenda kwenye mwanga. Sehemu ndogo kama petali siigusi kwa penseli kabisa. Nachukua rangi kwenye ncha ya penseli kwa brashi mbichi.

Karatasi ya kuchapia ya gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba) itajikunja tu. Anzia gramu 200, na ukipenda maji mengi nenda 300. Nusu ya A4 ukiikunja inakuwa A6, inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Mkunjo uukandamize kwa mgongo wa kijiko.

Na mihuri ichonge mwenyewe, tafadhali! Kifutio kikubwa cheupe na kisu chenye ncha kali vinatosha. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi, laza mchoro kifudifudi juu ya kifutio, usugue kwa kijiko. Picha itahamia ikiwa imegeuka, na ukigonga itatoka sawa. Kwa maneno kama “Idi Mubarak” hilo ni la lazima. Unapochonga, ncha ya kisu ielekee nje ya mstari, isiingie chini yake, ili mstari uwe na kitako kipana, la sivyo utakatika. Soli ya ndala nimeijaribu pia: vitundu vyake vinatoa alama za madoadoa, nzuri kwa tanga la jahazi, mbaya kwa herufi.

Mimi michoro yangu naitoa kwenye milango ya nakshi ya Mji Mkongwe. Mwanzoni nilikuwa nachonga mlango mzima, ikawa fujo. Sasa nachukua kitu kimoja tu, mnyororo wa pembeni mwa fremu au ua moja la juu, nakirudia mara tatu kwenye kadi, na macho yanapumzika.

Kadi ikijikunja baada ya kukauka, ilaze uso chini kati ya karatasi mbili safi, weka vitabu vizito juu yake usiku mmoja. Asubuhi itakuwa imenyooka.