Mwakilishi Akiondoa Kesi, Wengine Tunabaki na Nini?

SWALI: Mimi ni bondia mstaafu wa ngumi za kulipwa. Mwenzetu mmoja alipewa ruhusa ya mahakama kutuwakilisha katika shauri dhidi ya promota kuhusu mitikisiko ya ubongo tuliyoipata ulingoni. Sasa tunasikia anataka kuliondoa. Je, haki yetu imekufa? – Msomaji, Manzese, Dar es Salaam.

JIBU: Bado haijafa, ila wahini mapema. Kwa mujibu wa Amri ya XXIII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, mdai anaweza kuondoa shauri lake wakati wowote, lakini akiliondoa bila kupata ruhusa ya kulifungua upya, atabeba gharama na hataweza tena kudai juu ya jambo hilo hilo. Ruhusa hiyo hutolewa pale tu mahakama inaporidhika kwamba shauri lina kasoro ya kiutaratibu itakayoliangusha, au kwamba ipo sababu nyingine ya kutosha.

Wapo wanaoipata ruhusa wakashangilia bila kutazama kalenda. Shauri jipya huhesabiwa muda kana kwamba lile la kwanza halikuwahi kufunguliwa, na madai ya madhara yatokanayo na uzembe yana ukomo wa miaka 3, kwa hiyo miaka mliyokaa mkisubiri tarehe za kutajwa inaweza kuwa imekwisha kuumaliza muda wenu. Ontario, nchini Kanada, ambako mashauri ya namna hii ya wanamichezo yamewahi kufunguliwa, sheria ya mwaka 1992 inasimamisha ukomo kwa wanakundi wakati shauri likiendelea, na haliondolewi bila idhini ya jaji. Msijitegemeze kwa habari za huko.

Kinga yenu iko katika Kanuni ya 8 ya Amri ya I, inayomruhusu yeyote anayewakilishwa kuomba aunganishwe kama mdai. Mkishaunganishwa, mahakama haina mamlaka ya kumruhusu mdai mmoja kati ya wengi ajiondoe bila ridhaa ya wenzake. Maombi hayo yawasilishwe kabla ya siku ya kutajwa, yakiambatana na viapo, mikataba ya mapambano na taarifa za daktari zenye tarehe, kwa kuwa upande wa promota utabishania kwanza siku ambayo madhara yalianza kujulikana.