Tairi za mazoezi na za mashindano

Mdogo wangu, pole na pancha tatu za baiskeli ndani ya wiki moja njia ya Mbalizi. Usitafute tairi moja ya kazi zote. Mazoezini funga Continental Gatorskin, upana wa milimita 28 kama fremu inaruhusu. Ni ngumu, ila lami ikilowa haishiki sana, kwa hiyo mteremko wa Iwambi shika breki mapema. Siku ya mashindano weka Grand Prix 5000 ya kampuni hiyo hiyo, nyepesi na bado ina kinga chini ya mpira.

Adui mkubwa kwetu ni vile viwaya vyembamba kama sindano, vinavyomwagika tairi za malori zikipasuka. Vinazama polepole, pancha inakuja kesho yake. Kila ukirudi mulika tairi kwa tochi, ving'oe kwa kibano.