Goti Lililokwisha Kufanyiwa Upasuaji Linapovunjika

Juzi msomaji mmoja ameniandikia kwamba amevunjika muundi karibu kabisa na goti, miaka minne baada ya kutengenezewa ligamenti (ukanda unaoishikilia mifupa ya goti pamoja), na anaudhika kwa sababu daktari anataka kipimo cha CT scan (picha za eksirei zinazoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka) kabla ya kumfanyia upasuaji. Namwelewa, kwa kuwa goti langu la kulia limepita humo.

Ligamenti yangu mpya ilitokana na sehemu ya kati ya kano inayoshuka kutoka kwenye pia ya goti, ikiwa na kipande cha mfupa kila ncha. Hakuna aliyenieleza kwamba pia ya goti iliyochongwa kipande hubaki dhaifu kwa miezi kadhaa, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Katika wiki ya 11, moyo wangu ukiwa umekwisha kurudi uwanjani, niliteleza ngazini, misuli ya paja ikakaza ghafla kunizuia nisianguke, na pia ya goti ikavunjika vipande viwili vilivyoachana. Sikuweza tena kuuinua mguu ukiwa umenyooka. Kama vipande visingeachana na mguu ungeinuka, huenda ningefungwa tu goti likiwa limenyooshwa. Mimi nilihitaji skrubu na waya.

Daktari wa pili aliniuliza nilifungwa skrubu za aina gani na matundu ya kupitishia ligamenti yalitobolewa wapi mfupani. Karatasi yangu ilikuwa na mstari mmoja: "upasuaji wa goti la kulia". Nilijisikia mnyonge kwa kutolijua goti langu mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kubali kipimo hicho. Matundu na skrubu za zamani zingali ndani ya mifupa. Ufa mpya unaweza kupita kwenye tundu na kuilegeza ligamenti, na skrubu mpya inaweza kugonga ya zamani. Leo hii omba ripoti kamili ya upasuaji wa kwanza, si karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Uliza pia kama ligamenti itapimwa mfupa ukishaungwa. Usiukanyagie mguu kabla ya kuruhusiwa, hata ukijiona una nguvu, lakini ukiambiwa uanze kulikunja goti, likunje kila siku, kwani goti lililovunjika hukakamaa upesi. Mimi nililia kwa wiki nyingi kabla ya kufikia nyuzi 120, na nimezifikia.

Ila unyayo ukipoa au kufa ganzi, au maumivu ya mguu yakizidi hata baada ya dawa, usingoje kipimo wala ripoti: mwite daktari saa hiyohiyo.