Maana 645 za "run": nizikariri zote?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani katika kampuni ya kusafirisha mizigo, niko Tanga. Kiingereza cha shule ninacho, lakini neno "run" linanitoa jasho. Juzi bosi wetu wa Mombasa alituma ujumbe huu: "We've run out of pallets and the truck is running late. Run the new rates by your supervisor before we run the invoices." Mimi niliona kila kitu kinakimbia. Nikachapisha karatasi ya bei mpya, nikamkimbizia msimamizi mezani kwake, nikarudi kutoa ankara. Kumbe nimeharibu. Sasa kuna mwalimu wa mtandaoni anasema neno hili lina maana 645, na anauza PDF yenye zote kwa shilingi 15,000. Ninunue? Na mtu anazikaririje zote hizo?

JIBU: Marahaba. Usinunue.

Tumalize kwanza ujumbe wa bosi wako. Paleti zimewaishia, lori litachelewa, na bei mpya ulitakiwa umwoneshe msimamizi umsikie anasemaje, ndipo ankara zitolewe. Hapo kwenye "run by" ndipo ulipoteleza: kufikisha karatasi ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kungoja maoni yake. Ukimwomba radhi msimamizi na kumweleza ilivyokuwa, yataisha.

Sasa hiyo 645. Barua za namna yako nazipata kila mara, na karibu zote zina namba hiyo ndani. Namba yenyewe si ya uongo. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, alikaa na kitenzi "run" kama miezi tisa, akafikisha maana 645. Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set", aliyepewa maana 430 katika toleo la 1989. Wauzaji wa PDF wamelichukua hilo wakalifanya tangazo la kutisha watu: tazama mlima ulivyo mrefu, njoo nikuuzie ngazi.

Wasichokuambia ni kazi ya kamusi ile. Ni kamusi ya kihistoria. Inaandika kila namna neno lilivyowahi kutumika tangu Kiingereza cha kale, pamoja na matumizi yaliyokufa karne nyingi zilizopita ambayo hakuna Mwingereza aliye hai anayeyatamka. Halafu hesabu yenyewe inategemea mhariri anakata wapi. Maji ya mto, maji ya bomba na machozi shavuni, vyote kwa Kiingereza "vina-run": hiyo ni maana moja au tatu? Mhariri mmoja atasema moja, mwenzake atasema tatu, na wote wawili ni wataalamu. Kamusi za wanafunzi huishia kwenye makumi machache tu kwa neno hilohilo.

Wewe mwenyewe leo umepiga mswaki, umepiga pasi shati, umepiga simu, labda umepiga na hodi mahali. Mwaka wa uchaguzi utapiga kura. Nani alikukaririsha maana za "piga"? Hakuna. Ulisikia "pasi" ukajua, ulisikia "kura" ukajua. Hujawahi kusimama katikati ya sentensi ukajiuliza pasi inapigwa fimbo au makofi. Lakini ukifika kwenye Kiingereza unaliacha hilo lote mlangoni, unaanza kutafuta neno moja la Kiswahili la kubandika kila mahali.

Na neno mnalobandika ni "kimbia". Hapa ndipo ninapokasirika, maana hata walimu wa madarasani wanafundisha hivi: kwamba maana halisi ya "run" ni kukimbia kwa miguu, na nyingine zote ni misemo ya kukariri. Si kweli, na haijawahi kuwa kweli. Neno hili ni ndugu wa neno la Kijerumani "rinnen", ambalo mpaka leo maana yake ni kutiririka. Tangu Kiingereza cha kale, kutiririka na kukimbia vilikaa pamoja ndani ya "run". Kwa hiyo pua ya mtoto mwenye mafua "ina-run", kitenge kibovu kikifuliwa rangi zake "zina-run", yaani zinachuja, na basi linalopita kila nusu saa "lina-run". Hakuna mguu hata mmoja humo, na hakuna msemo. Kuna kitu kinachokwenda bila kukatika. Ukianza na wazo hilo badala ya miguu, nusu ya ule mlima wa 645 unabomoka wenyewe.

Nusu ya pili inabomolewa na Kiswahili chako. Sisi tukitaka kusema kwamba mtu ndiye anayefanya kitu kiende, tunabadilisha kitenzi: duka linakwenda, mama analiendesha. Kiingereza hakibadilishi chochote: "the shop runs", "she runs the shop". Basi unapoona "run", uliza kwanza kama kuna kitu kinachotendwa baada yake. Kikiwepo, mara nyingi unachotafuta ni "endesha" au ndugu zake: kuendesha biashara, kuendesha mafunzo, kuendesha mtambo. Isipokuwepo, ni kwenda, kutiririka, kudumu, kufika mpaka mahali fulani. (Kuna jambo linanichekesha kila mara: "anaendesha" kwetu ni meneja, na pia ni mtoto mwenye tumbo la kuhara. Waingereza nao wanaliita tumbo hilo "the runs". Hatukuambizana.)

Vineno vinavyofuata, yaani "out", "into", "over", "by", "up" na wenzao, ni habari nyingine. Usivitenganishe na "run". "Run out" ni kuishiwa, "run into" ni kukutana na mtu bila kutarajia au kugonga kitu, "run up" madeni ni kuyalimbikiza. Chukua kila jozi kama neno jipya zima, ndani ya sentensi uliyoikuta. Na hata jozi haikulindi sikuzote. Gari "liki-run over" mbwa, limemkanyaga. Mhasibu "aki-run over" hesabu, amezipitia. Kikao "kiki-run over", kimezidi muda wake. Ni gari, ni mhasibu, ni kikao: jirani ndiye anayekuambia, wala hukuhitaji PDF.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa "running water". Kwenye mabango ya kunawa mikono tumezoea kusoma "maji tiririka", na hapo ni sahihi kabisa: maji yamwagike juu ya mikono, usichovye mikono kwenye beseni. Maneno hayohayo mawili yakiwa kwenye dodoso la kaya, "Does the house have running water?", yanauliza kama nyumba ina maji ya bomba. Nimesoma dodoso lililouliza wanakijiji kama nyumba yao ina maji yanayotiririka. Wenye kijito nyuma ya nyumba walijibu ndiyo. Wenye paa linalovuja sijui walijibuje.

Hilo la dodoso linachekesha. Yanayofuata hayachekeshi, na ndiyo sababu nakujibu kwa urefu kuliko swali lako lilivyotaka.

Fomu ya hospitali inauliza, "Does asthma run in your family?" Ikitafsiriwa kwa kubandika, mgonjwa anaulizwa kama pumu inakimbia kwenye familia yake, na atajibu hapana, kwa kuwa swali halina kichwa wala miguu na yeye anataka kumaliza foleni. Lililotakiwa ni rahisi: katika ukoo wenu kuna wenye pumu? Daktari anaandika "hakuna" na kuendelea, kumbe mama na mjomba wote wanatembea na dawa ya kuvuta mfukoni.

Mkataba wa kiwanja ulioandikwa kwa Kiingereza unasema masharti fulani "run with the land". Maana yake masharti hayo yamefungamana na ardhi, na kila atakayeinunua yanambana. Nimeona imetafsiriwa "yanakimbia na ardhi", na mnunuzi akaelewa kwamba muuzaji akiondoka, masharti nayo yanakimbia. Ni kinyume kabisa cha kilichoandikwa, na mtu keshatia sahihi.

Barua ya wakili nayo inasema "time began to run in 2019". Mteja alipewa tafsiri isemayo "muda ulianza kwenda mbio", akaona anahimizwa tu afanye haraka. Wakili alikuwa anamwambia muda wa kisheria wa kudai umeanza kuhesabiwa mwaka ule. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda ya Tanzania, Sura ya 89, dai la mkataba lina miaka 6 na la kurudisha ardhi miaka 12. Ukipita, isipokuwa kwa sababu chache zinazokubalika kisheria, mlango wa mahakama umefungwa hata kama haki ilikuwa yako.

Tafsiri zile hazikufanywa na watu wasiojua Kiingereza. Zilifanywa na watu waliojua orodha. Walikariri "run ni kukimbia", wakaongeza maana ishirini za akiba, na walipofika kwenye sentensi wakachomoa iliyokuwa karibu. Kozi za "Kiingereza kwa siku 30" zinazalisha watu wa namna hiyo kwa wingi, na baadhi yao wanachonga mihuri na kukaa nje ya ofisi za umma wakitafsiri hati kwa bei ya chai. Programu za simu zina nafuu kidogo ukizipa aya nzima, kwa kuwa angalau zinaangalia majirani. Ukizipa neno moja, zitakurudishia "kukimbia" bila haya.

Kwa kazi yako ya ukarani, nunua daftari. Kila ujumbe wa Kiingereza uliokutatiza unakili sentensi yote, si neno, na chini yake andika kwa Kiswahili alichotaka mwenzako ufanye. Kamusi ya TUKI ya Kiingereza-Kiswahili iweke karibu, na ukifungua "run" soma kidahizo chote, yaani maelezo yote ya neno hilo, mpaka mwisho. Usiishie kwenye maana ya kwanza kama wengi wafanyavyo.

Na siku ukiletewa karatasi yenye sahihi, tarehe ya mahakama au kipimo cha dawa, mpelekee mfasiri. Mfasiri atakayekutajia bei ya sentensi moja bila kukuuliza imetoka kwenye waraka gani, chukua karatasi yako uondoke.