Bodi za kuteleza mawimbini (surfing) Durban: usianze na fupi, hesabu kwanza siku zako za baharini

Mkuu salama. Nimesoma swali lako mara mbili nikaona nisikujibu kwa mstari mmoja. Umesema umehamia Durban toka Dar mwezi wa nne sasa, una kilo 82, unaingia baharini jumamosi na jumapili tu, unakodi ile softopu, bodi laini ya wanaoanza, pale ufukwe wa Addington na umeshaanza kusimama mwenyewe na kugeuka kidogo, sasa kuna jamaa anauza bodi tatu kwa mpigo, zote shotibodi, yaani zile fupi nyembamba, unauliza kama hizo zitakutosha kwa mawimbi ya kila aina. Usizichukue. Hata akishusha bei usizichukue, kwasababu hizo tatu ukiziangalia vizuri ni bodi moja imerudiwa mara tatu, zote zinataka wimbi la aina moja, na hilo wimbi kwa mtu wa jumamosi na jumapili linakuja mara chache sana.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekuja hapa 2008, miaka ya mwanzo nilikuwa nalinda magari pale barabara ya ufukweni, kazi ambayo Waswahili wengi wa mji huu tumeipitia, sisi na Wakongo na Warundi. Saa kumi na moja alfajiri magari yanaanza kupaki, watu wanashuka na bodi wanakimbilia majini, mimi nimebaki nimesimama naangalia bahari mpaka saa nne. Nikaanza kupenda. Nikaweka hela miezi kadhaa nikanunua shotibodi ya mkononi, futi 5 inchi 11, lita 26 (lita ni ujazo wa bodi, ndo unaokubeba juu ya maji), nyepesi, nyeupe, imechorwa vizuri, na mimi nilikuwa na kilo 80. Aliyeniuzia aliniona kabisa umbo langu na aliniuliza nimeanza lini, nikamwambia sijaanza, na bado akaniambia hii ndo yenyewe. Miezi mitano sikushika wimbi hata moja la maana. Nikilala juu yake inazama mpaka maji yananifika kifuani, nikipiga mikono wimbi linapita chini yangu linaniacha palepale. Nilishaanza kusema huu mchezo sio wa watu wa kwetu, na hilo neno linaniuma mpaka leo kwasababu kosa halikuwa langu wala la kwetu, ilikuwa ni lita.

Kilichonifungua macho ni mzee mmoja mteja wangu wa magari, siku bahari imelala, mawimbi ya magotini mpaka kiunoni, akatoa bodi ya futi 9 kwenye gari akanipa akasema nenda nayo. Wimbi la kwanza nikalipata, la pili nikalipata, siku ile nilisimama mara nyingi kuliko miezi mitano yote iliyopita, nikatoka majini mikono inatetemeka kwa furaha.

Sasa kwanini inakuwa hivyo, hapa naomba unisikilize vizuri maana ukilielewa hili huhitaji ushauri wa mtu tena. Wimbi dogo halina nguvu ya kukusukuma na linakuja limelala, halina mteremko mkali. Kwahiyo bodi yenyewe ndo inatakiwa ikusaidie: iwe ndefu, pana, nene, chini imenyooka, ili ianze kuteleza mapema hata kabla wimbi halijasimama vizuri. Wimbi kubwa lina nguvu ya kutosha lakini linasimama wima ghafla, sasa ukiwa na bodi pana iliyonyooka pua inachoma maji na wewe unapinduka, ndo maana bodi za siku hizo zinakuwa nyembamba, zimepinda puani na zina mkia mwembamba, zinakaa ndani ya ule mkunjo wa wimbi. Yaani bodi fupi iliyopinda ni ya wimbi lenye nguvu zake tayari, haina cha kukuongezea. Ukiipeleka kwenye wimbi la kiunoni unaburuza maji tu.

Kuhusu lita mimi nina hesabu yangu, nimeitumia kwa vijana kadhaa niliowafundisha na haijaniangusha. Anayejua sana anachukua uzito wake mara 0.4 au chini ya hapo kidogo, anayejifunza kugeuka kama wewe mara 0.5, anayetaka kufurahi siku za mawimbi madogo mara 0.7 kwenda juu. Kwako wewe ya katikati ni kama lita 41. Muulize jamaa zile shotibodi zake zina lita ngapi, mara nyingi imeandikwa kwa penseli chini karibu na mbao ya katikati, mimi nakadiria hazivuki 30.

Kwahiyo kama ningekuwa wewe ya kwanza ningenunua futi 9, au futi 8 na nusu kama unapanda nayo teksi au unakaa ghorofani na lifti ndogo. Hii ndo bodi ya maisha yako ya Durban. Nimeweka daftari miaka kadhaa, naandika nimeingia wapi, upepo gani, wimbi limefika wapi mwilini, na zaidi ya nusu ya siku zangu zote ni za kifuani kushuka chini. Hizo zote ni siku za futi 9. Watu wanaona bodi ndefu ni ya wazee au ya kujifunzia tu, si kweli, ukishaizoea unaanza kutembea juu yake mpaka puani na hiyo ni sanaa ya peke yake kabisa, mimi kila nikifanikiwa kusimama pale mbele najisikia kama siku ile ya kwanza. Ila ina adabu yake: na futi 9 unashika wimbi kabla ya wote, kwahiyo usiyachukue yote, pita moja moja waachie na wenzako, na usiiachie kabisa mbele ya watu maana ni nzito, inaumiza.

Ya pili, usiinunue mpaka ile ya kwanza uwe unaendesha kushoto na kulia bila kufikiria. Hii ni fishi. Fupi lakini pana na nene, mkia umegawanyika kama wa samaki, wengi wanataja Steve Lis wa San Diego kule Marekani kuwa ndo alianzisha umbo hilo mwishoni mwa miaka ya 1960, na yeye aliitengeneza ya kupanda wimbi ukiwa umepiga magoti. Kwa uzito wako tafuta futi 6 na inchi 2 mpaka 4, lita 40 hivi. Hii inakupa ule mbio na kugeuka ambako unakutamani kwenye shotibodi lakini inakubeba. Siku za kifuani mpaka kichwani, wimbi safi, fishi ni raha tupu, ila wimbi likiwa la wima sana mkia ule mpana unakataa kushika maji unateleza pembeni, utaona mwenyewe.

Ya tatu ni ya kusi ya huku, nikisema kusi namaanisha majira ya baridi, mwezi wa tano mpaka wa nane. Baridi inapopiga kule Cape ile dhoruba inasukuma mawimbi yanapanda na pwani kuja huku, yanakuja yamepangana, kati ya wimbi na wimbi sekunde 12 mpaka 14 au zaidi. Hesabu hizo sekunde, zina maana kuliko urefu. Wimbi la mita moja na nusu la sekunde 7 ni fujo tu ya upepo, lakini mita hiyohiyo ya sekunde 14 ukiikuta New Pier, pale kwenye gati, ni kitu kingine, linabeba. Hapo nataka bodi ya futi 6 na inchi 8 mpaka 10, mkia wa duara, mapezi matatu (yale yanayosimama chini ya mkia kushika maji), na unene wa kutosha ili ufike nyuma ya mawimbi bila kukata pumzi na ulishike mapema kabla halijakuangukia. Hayo mapezi matatu kama unavyoyaona kwenye karibu kila bodi leo ni kazi ya Simon Anderson wa Australia mwanzo wa miaka ya 1980, kabla yake watu walikuwa wanahangaika na moja au mawili. Hii ya tatu inaweza kusubiri mwaka mzima au miwili, hakuna haraka. Na Cave Rock kule Bluff usiende na bodi yoyote kwa sasa, pale chini ni mwamba na wimbi linavunja zito sana, nenda kaangalie tu ukiwa juu, unajifunza mengi kwa macho.

Shotibodi yenyewe sikukatazi milele. Mji huu umemtoa Shaun Tomson, bingwa wa dunia wa 1977, na kuna watoto wa hapa North Beach wanafanya maajabu na bodi ya lita 24. Lakini wana kilo 55 na wanaingia kila siku.

Upepo wewe ni mtu wa Dar utauelewa haraka. Ule umande unaotoka bara alfajiri, ambao wavuvi wetu wanatokea nao kwenda kuvua, huku ndo dhahabu, unasimamisha wimbi na kulilainisha. Kuanzia saa tatu nne hivi, hasa kiangazi, upepo wa kaskazini mashariki unaingia toka baharini na kuvuruga kila kitu. Kwahiyo ukiamka saa mbili mkuu umeshachelewa, na hakuna bodi itakayokuokoa. Maji kujaa na kupwa huku ni kama mita mbili siku za bamvua, kidogo kuliko kwetu, lakini sehemu zingine maji yakijaa sana wimbi dogo linakosa pa kuvunjia linavimba tu na kupita, hapo tena ni futi 9. Na pale pembeni ya gati huwa kuna mkondo unaorudi baharini, ukiujua unakupeleka nyuma ya mawimbi bila kuchoka, ila uulize wenyeji kwanza kabla hujauamini, na usiingie peke yako.

Kununua ya mkononi hakuna ubaya, zangu zote tatu ni za mkononi. Ishike juani uitazame kwa upande, kama kuna mstari unaozunguka bodi nzima katikati ujue ilishavunjika ikaungwa. Bonyeza kwa dole gumba pale miguu inaposimama, kama gamba linabonyea na kurudi limeshabanduka na sponji la ndani, achana nayo. Rangi ya njano peke yake sio ugonjwa, jua tu. Nyufa kuzunguka mapezi ndo za kuogopa, maji yanaingia pale, bodi inakuwa nzito kila wiki, na ukiona tundu funga siku hiyohiyo kwa resini, ile gundi ya kuzibia bodi, usiseme ntafanya kesho. Alafu angalia mapezi ni ya mfumo gani, Futures yana kishiko kimoja kirefu, FCS yana viwili vifupi, hayaingiliani, mimi nimeshanunua seti nzima nikafika nyumbani haiingii. Kamba ya mguuni iwe na urefu sawa na bodi au zaidi kidogo, na hiyo nunua mpya, usirithi kamba ya mtu. Usiiache ndani ya gari mchana, joto la hapa linavimbisha gamba.

Kwahiyo mjibu jamaa kwa heshima kwamba hapana, hela hiyo nusu yake inakutosha futi 9 nzuri ya mkononi na nusu nyingine iweke. Ukiipata, kabla hujalipa nitumie vipimo na picha tatu: ya juu, ya chini kwenye mapezi, na ya ubavuni ikiwa juani. Ntakuangalizia.