Mavyaa wako hajakunyang'anya watoto

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto wawili, wa miaka 8 na 4. Naishi Kange hapa Tanga, nafanya kazi benki mjini, na mume wangu yuko bandarini, kazi za zamu. Hatuna muda wa familia kabisa. Jioni natoka saa 2 usiku kwa sababu ya foleni na majukumu. Jumatano nina kikoba, Jumamosi kamati ya harusi ya mwenzangu wa kazini. Siku yangu ni Jumapili tu. Nataka twende Raskazone, watoto waogelee, tupige picha, tule nje kama familia nyingine. Mume analala mpaka adhuhuri, akiamka anawabeba watoto kwa mama yake Ngamiani. Huyo mavyaa ndiye anayewachukua shule kila siku, na sasa wamemzoea yeye kuliko mimi. Mwezi uliopita nilipompitia mdogo usiku akalia hataki kuondoka, na mavyaa akanitolea maneno: "Mwanangu, watoto hawalelewi kwa simu." Tangu siku hiyo siendi kwake, shemeji ndiye anayewaleta nyumbani. Nimemwambia mume tutafute dada wa kazi, watoto waache kwenda Ngamiani. Amekataa. Nifanyeje? Mama Wawili.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu. Kushika fedha za watu kutwa nzima kunachosha kichwa kuliko kulima, nalijua hilo. Pole hiyo ipokee, maana sina nyingine ya kukupa. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiirudia namwona mavyaa wako karibu, wewe nakuona kwa mbali.

Tuanze na hiyo saa 2 usiku. Unaniandikia foleni. Mwanangu, mimi naishi Tanga hii hii ya baiskeli na bajaji. Kutoka mjini hadi Ngamiani watu wanakwenda kwa miguu. Benki inafunga milango alasiri, na hata ukibaki kufunga hesabu, jua halijazama umeshamaliza. Kama mwajiri ndiye anayekubakisha, basi tungezungumza mambo mengine, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, na za ziada ni kwa makubaliano na malipo yake hayapungui mara moja na nusu. Lakini katika barua nzima hukutaja malipo ya ziada hata mara moja. Mtu anayebakishwa kazini kwa lazima hilo ndilo analoanza nalo. Naamini saa hizo zinaishia kwenye hayo uliyoyaita majukumu, na majukumu hayo umeyachagua mwenyewe.

Kikoba sikigusi. Akiba ya mwanamke ni heshima yake, endelea nacho. Kamati ya harusi ndiyo inayoniuma. Ndoa za siku hizi zinaundiwa kamati miezi na miezi, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kitambaa cha sare kinabishaniwa mpaka usiku, halafu waliokwisha kuolewa wanaacha nyumba zao zilale njaa ya maneno ili wapange sherehe ya mtu mwingine. Bibi arusi ataingia ukumbini saa chache tu. Mwanao ana miaka 4 mwaka huu, na mwaka huu hautarudi. Toa mchango wako, omba radhi kwenye kamati, rudi kwa watoto. Hakuna harusi iliyovunjika kwa kukosa mjumbe mmoja.

Sasa mume. Unasema analala mpaka adhuhuri kama vile analala kwa uvivu. Ametoka zamu ya usiku! Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, shehena ikaletwa kwa matishari. Leo gati limeongezwa kina, zinafunga hapo hapo, na kazi yake haingoji kuche. Kwa kila saa ya usiku sheria inamwongezea walau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwa nyongeza hiyo anakesha, asubuhi anaanguka kitandani, akiamka jambo la kwanza analofanya ni kuwabeba wanawe. Wengine wakiamka wanabeba funguo na kwenda kijiweni. Huyo wako ana kosa moja, nalo namwambia kama atasoma hapa: anawachukua watoto bila kukwambia "twende sote". Mwanamume akinyamaza hivyo, mke anajiona ametengwa nyumbani kwake. Afungue mdomo.

Ila hapo kwenye "twende sote" nina shaka kama ungekwenda.

Maneno ya mavyaa umeyaita ya kukutolea. Nimeyasoma tena. Ameanza na "mwanangu". Mama wa Kitanga akitaka kukutukana hakuiti mwanae, anakuita kwa jina la mumeo au anamsemesha paka wewe ukisikia. Na simu aliyoitaja ipo, sivyo? Ndiyo unayowapigia jioni kutoka kwenye kikao, ukawaonyesha uso, ukawaambia mama anakuja sasa hivi, na mama hakuja. Watoto wanangoja pale jamvini. Yeye ndiye anayeyaona macho yao simu ikikatika. Wewe huyaoni.

Nitakwambia la kwangu. Nilikuwa mwalimu, na mwanangu wa kwanza alilelewa na mavyaa wangu mchana kutwa. Siku moja nilimkuta anafunga kamba za viatu mwenyewe. Alikuwa anazifunga kwa fundo nisilolijua, la wavuvi, lile la kukaza mshipi, maana babu yake alikuwa mvuvi na bibi ndilo alilolijua. Nilikwenda msalani nikalia. Nilihisi nimeibiwa. Jioni ile nikamwambia mavyaa kwa ukali kwamba viatu havifungwi hivyo. Hakunijibu. Alimvua mtoto viatu, akavipanga mlangoni, akaenda kuswali. Miaka mingi imepita na yeye ametangulia mbele ya haki, na mwanangu ni baba wa watu, bado anafunga fundo lile lile. Ningeweza kukaa chini jioni ile nikamwambia, "Mama, nifundishe na mimi." Sikukaa.

Ndiyo maana nakuambia, mumeo amekataa dada wa kazi na amefanya vyema. Mkono mmoja haulei mwana. Wenzako wanahangaika kutafuta mtu wa kumwamini na mtoto, wewe unaye wa damu, anawafuata shule, anawalisha bada na mchuzi wa samaki, anawapeleka chuoni, hajakudai shilingi, nawe unataka kumbadilisha kwa mgeni ili watoto wasimpende mtu mwingine. Mtoto aliyelia kuondoka kwa bibi yake amelia usingizi na joto la pale alipolala. Hajakukana.

Raskazone nendeni, bahari ni yetu na watoto wa Tanga wasiojua kuogelea wananisikitisha. Lakini unavyoiandika safari hiyo, picha inatangulia na watoto wanafuata. Familia nyingine unazoziona kwenye simu zimekaa ufukweni saa moja. Hujui zilivyokaa wiki nzima. Na kwa nini iwe Jumapili? Mke wa mtu wa zamu hafuati kalenda ya watu wa ofisini. Chukueni ratiba yake ya zamu mwezi unapoanza, ibandikeni jikoni, mtafute jioni ambazo nyote mpo. Kama ni Jumanne saa 11, basi Jumapili yenu ni Jumanne. Na likizo: kila mmoja wenu ana siku zake 28 kwa mwaka. Hukuniambia zako zinakwenda wapi. Ombeni mapema ziangukie Juni au Desemba shule zikifungwa, hata kama ni wiki moja tu mtakayokuwa pamoja. Hapo ndipo utamjua huyo wa miaka 8, ambaye katika barua yako hukumwandikia hata sentensi moja ya kwake.

Mengine yatangoja. Ijumaa hii ukitoka kazini usipande bajaji ya Kange. Ingia Ngamiani mapema, jua lingalipo, bila simu mkononi. Usipeleke zawadi kubwa, atadhani umekuja kumlipa. Vua viatu, mwamkie, usianze kueleza ya mwezi uliopita. Atakuwa jikoni. Kaa kwenye mbuzi, chukua nazi, ukune. Mdogo akija akakaa mapajani kwa bibi badala ya kwako, endelea kukuna.