Mwimbaji husindikizwa au hupigiwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri maelezo ya filamu kuhusu muziki wa jadi wa Korea. Nimeandika "mwimbaji akisindikizwa na ngoma" na "akisindikizwa na vyombo". Mwenzangu anasema anayesindikizwa ni mgeni au bibi harusi. Nani amekosea?

JIBU: Marahaba. Hukukosea, matumizi hayo yamezoeleka. Ila mwenzako amegusa jambo ninalolipenda sana. Msindikizaji hana safari. Akifika njia panda hurudi zake. Sasa itazame pansori. Mtu mmoja anaimba na kusimulia hadithi ndefu, pengine kwa saa nyingi, na kando yake ameketi mmoja tu mwenye ngoma. Ngozi ya kushoto huipiga kwa kiganja, ya kulia kwa kijiti, na kijiti hichohicho hugonga ubao wa ngoma. Tena humwitikia mwimbaji kwa sauti, "eolssigu!", kumtia moyo. Wakorea husema wa kwanza ni mpiga ngoma, mwimbaji ni wa pili. Huyo utamwitaje msindikizaji?

Kauli ya kutendewa inatutosha: mwimbaji huimba akipigiwa ngoma na kuitikiwa. Ni kama tunavyopigiwa makofi au vigelegele. Ile "i" ya "pigiwa" inabeba habari yote, kwamba mkono unapiga kwa ajili ya koo lile. Ukiandika "akisindikizwa" habari hiyo inapotea.

Gagok, uimbaji mwingine wa jadi wa Korea, ni jambo jingine, ingawa nayo imo katika orodha ya urithi ya UNESCO (tangu 2010, pansori iliingia 2008). Hapa shairi fupi huimbwa polepole mno, pamoja na kundi la ala: filimbi za mianzi, zeze la nyuzi mbili, ala za nyuzi zinazolazwa, na ngoma. Ala hutangulia peke yake, na kabla ya sehemu mbili za mwisho mwimbaji hunyamaza zikasikika zenyewe tena. "Akipigiwa" hapo halitoshi. Mimi ningeandika "huimbwa kwa kuandamana na ala", maana wanaoandamana njia yao ni moja.

Kuhusu "vyombo", usilifute. Wapenzi wa taarabu husema vyombo, na wanaeleweka. Ukichagua "ala", basi iwe ala hii, ala hizi. "Maala" nimeliona mara mbili mwezi huu na limeniuma.